Duka la gemu lenye kufuli na lisilo na kufuli: chagua kabla hujachoma bando

"Kaka, gemu nimenunua kwa hela yangu halali, mbona bado inaniomba mtandao?"

Swali hili hunijia zaidi mwezi wa kwanza, watu wakisharudi Mwanza mjini kutoka likizo za Ukerewe, Sengerema na Magu. Sichoki kulijibu kwa sababu na mimi liliwahi kunikuta. Desemba moja nilipanda meli ya Nansio, laptopu begani, na ndani yake gemu mpya niliyokesha siku mbili kuipakua. Nilishawaahidi watoto wa shangazi. Jioni tumekaa barazani, umeme upo, watoto wanne wamenibana nyuma ya kiti, kila mmoja anadai aanze yeye. Nabofya. Kinatokea kidirisha: unganisha mtandao tuthibitishe kuwa gemu ni yako. Pale kwa shangazi mtandao unapatikana ukipanda jiwe lililo nyuma ya zizi, tena ni wa kupigia simu tu. Nililipanda lile jiwe na laptopu mkononi mpaka betri ikakata. Tukaishia kucheza karata, na mdogo kuliko wote akanifunga.

Duka silitaji, maana nusu ya kosa ni langu: maelezo yalikuwepo ukurasani, sikuyasoma.

Hatua hizi ni za anayenunua gemu za kompyuta kwa mara ya kwanza akiwa huku kwetu, ambako bando lina bei na umeme una siku zake. Simu na PlayStation zina mambo yake, sizigusi.

Kufuli ni nini

Ninaposema kufuli nina maana ya ulinzi wa kuzuia kunakili, ule ambao wenyewe huufupisha DRM. Ni kipande cha programu kinachouliza kabla gemu haijafunguka: huyu amenunua kweli? Jibu linatoka kwenye akaunti yako, ambayo imekaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, nje ya nchi. Ndiyo maana unaombwa mtandao.

Makufuli utakayokutana nayo ni ya namna tatu. La kwanza ni la duka lenyewe: gemu haifunguki mpaka programu ya duka iwe imewashwa na wewe umeingia kwenye akaunti. La pili huwekwa na mtengenezaji juu ya lile la duka. Linalojulikana zaidi ni Denuvo, lililotengenezwa Austria. Hilo linataka mtandao siku ya kwanza, na linaweza kuutaka tena ukibadilisha kifaa ndani ya kompyuta au Windows ikijisasisha. La tatu ndilo baya kwa mtu wa kisiwani: gemu nzima inategemea seva ya kampuni hata ukicheza peke yako. SimCity ya 2013 ilitoka hivyo. Wiki ya kwanza seva zikaelemewa, na watu waliokwisha kulipa wakabaki wanatazama foleni kwenye skrini.

Duka lisilo na kufuli linakupa setapu nzima, yaani faili la kusakinishia gemu, mkononi. Ukishaipakua, duka likifungwa, akaunti ikipotea, mkongo wa baharini ukikatika, wewe unasakinisha na kucheza.

Maduka yenyewe, yenye kufuli na yasiyo nalo, ni haya. GOG ni ya Poland. Ilianza 2008 ikiuza gemu za zamani, siku hizi ina na mpya, na sharti lake ni kuuza bila kufuli. itch.io ilianza 2013 na imejaa kazi za watengenezaji wadogo; nyingi hazina kufuli, na nyingine unalipa kiasi unachotaka mwenyewe, hata sifuri. Steam ni ya Valve, Marekani, tangu 2003, ndilo soko kubwa kuliko yote kwa gemu za kompyuta. Epic Games Store ilifunguliwa Desemba 2018 na inajulikana kwa kugawa gemu za bure kila wiki.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Kama una mashine iliyotolewa ofisini, ile ya Windows 7, Steam isahau. Gemu nyingi za zamani za GOG bado zitafunguka humo.
- Barua pepe yako mwenyewe. Ile uliyofunguliwa na fundi simu, ambayo neno la siri analijua yeye, haifai.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Kadi ya benki iliyoruhusiwa kulipa mtandaoni, au kadi ya mtandaoni unayoifungua kwenye simu, kama ile ya Visa ya M-Pesa.
- Diski ya nje, tunayoiita eksteno. Kwa gemu ndogo flashi ya GB 64 inatosha.
- Bando la kutosha, au rafiki mwenye faiba na moyo mzuri.
- Daftari la karatasi. Nitaeleza la nini.

Hatua ya 1: Jiulize utachezea wapi

Watu wanaanza na bei. Anza na mahali. Ukiwa unakaa Nyegezi au Kirumba, mtandao wa nyumbani upo kila siku na kompyuta haitoki mezani, kufuli la kawaida la duka halitakusumbua sana. Ukiwa mwanafunzi unayefunga chuo Malimbe na kurudi Ukara kwa miezi miwili, hesabu yako ni nyingine kabisa. Vilevile ukiwa na kompyuta moja inayotumiwa na ndugu watatu: akaunti moja kwa kawaida ni ya mtu mmoja, na kufuli linalisimamia hilo kwa ukali kuliko mama mwenye nyumba.

Andika kwenye daftari: siku ngapi kwa mwezi nitakuwa bila mtandao. Zikizidi kumi, gemu yoyote yenye kufuli la tatu ifute kwenye orodha sasa hivi.

Hatua ya 2: Kagua gemu, usiishie kukagua duka

Hapa ndipo wanaoanza wanapotea zaidi, kwa hiyo nenda taratibu.

Wengi wanaamini kila kilicho Steam kimefungwa na kila kilicho GOG kiko huru asilimia mia. Steam haimlazimishi mtengenezaji kuweka kufuli. The Witcher 3 ya 2015, kwa mfano, ukiipakua Steam unaweza kuingia kwenye folda yake na kuifungua bila Steam kuwa imewashwa. Epic nao wanamwachia mtengenezaji aamue. Upande wa pili, Septemba 2021 GOG walianza kuuza Hitman ya 2016. Wanunuzi wakagundua kuwa sehemu kubwa ya gemu inadai mtandao, wakapiga kelele, na mwezi uliofuata ikaondolewa dukani.

Kukagua ni hivi:

a) Fungua ukurasa wa gemu Steam. Upande wa kulia, chini ya orodha ya vipengele, huwa kuna kisanduku kinachotaja kufuli la kampuni nyingine kama lipo. Ukiona jina Denuvo, au maelezo kwamba unahitaji akaunti nyingine tofauti na ya Steam, simama ufikiri.

b) Tafuta jina la gemu hiyo kwenye PCGamingWiki. Kila gemu ina jedwali linaloonyesha inauzwa wapi na kila duka limeiwekea kufuli gani. Ni tovuti ya bure, na kurasa zake ni za maneno zaidi kuliko picha, hazili bando.

c) Itafute GOG. Ikiwepo, linganisha bei ya siku hiyo.

Sasa la mpira, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Mfululizo wa FC wa EA hauuzwi GOG, na hata ukiununua Steam unadai programu ya EA juu yake. eFootball ni ya bure lakini inadai mtandao. GTA V inadai programu ya Rockstar. Yaani gemu zinazojaza vibanda vyetu karibu zote zina kufuli, na hakuna duka lisilo na kufuli litakalokuuzia. Ukitaka hizo, nunua ukijua. Nisingependa upoteze wiki nzima ukizitafuta GOG.

Kanuni yangu mimi: gemu ikiwepo pande zote mbili na bei zikikaribiana, nachukua GOG. Nachukua Steam pale ninapotaka kucheza na marafiki mtandaoni, kwa sababu marafiki wako huko, au gemu inapotaka masasisho ya mara kwa mara. Hapa GOG ina udhaifu ambao mashabiki wake hawautaji: Steam ikisasisha gemu hupakua vile vipande vilivyobadilika, ila setapu ya GOG ikitoka toleo jipya mara nyingi unaipakua upya yote. Kwa gemu ya GB 2 si kitu. Kwa gemu ya GB 60 unalia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya GB kabla ya kupiga hesabu ya dola

Bei utaziona kwa dola. Lakini gharama ya kwetu ina vichwa viwili: bei ya gemu na bei ya kuishusha. Stardew Valley haifiki hata GB 1. Cyberpunk 2077 inadai nafasi ya GB 70. Baldur's Gate 3 na Red Dead Redemption 2 zinadai GB 150 kila moja.

Chukua kasi yako halisi, ile ya saa mbili usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni, uigeuze kuwa muda. Ukipata MB 1 kwa sekunde, GB 50 ni karibu saa 14. Umeme ukikatika mara mbili katikati ya hapo, ongeza na hasira.

Angalia na nafasi kwenye diski. Setapu ya GOG ya GB 50 inakaa GB 50, na ukishaisakinisha gemu inakaa GB 50 nyingine. Kwa hiyo unahitaji kama GB 100 mpaka utakapoihamishia setapu kwenye eksteno. Steam inasakinisha moja kwa moja, haina mzigo huo wa mara mbili.

Kurudishiwa hela pia iwemo kwenye hesabu. Steam na Epic wanarudisha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. GOG wanatoa siku 30, hata kama umeshaipakua na kuicheza. Ila bando uliloshushia hakuna anayelirudisha, na ile saa mbili ya Steam inahesabiwa hata ukiiacha gemu wazi ukaenda kununua sato Kirumba.

Hatua ya 4: Fungua akaunti na uifunge vizuri

Fungua kwa barua pepe yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri unaombwa na namba ya kuthibitisha. Andika kwenye daftari jina la akaunti, barua pepe uliyotumia, na zile namba za dharura utakazopewa. Daftari likae nyumbani.

Nimesema karatasi kwa sababu moja: simu ikianguka ziwani kwenye kivuko cha Kamanga, kila ulichokiandika ndani yake kimezama nayo. Kwa duka lenye kufuli, akaunti ndiyo gemu zako zote. Akaunti ikipotea umepoteza kabati zima.

Hatua ya 5: Fanya zoezi na gemu ya bure

Nenda itch.io, chuja gemu za bure za Windows, chagua iliyo chini ya MB 200. Pakua, fungua faili lililobanwa, cheza. Halafu zima mtandao, cheza tena. Hii itakuonyesha kwa mikono yako gemu isiyo na kufuli ilivyo, na haijakugharimu hata shilingi.

Hatua ya 6: Lipa

Weka kwenye kadi kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa sababu ya kubadilisha fedha. Malipo yakikataa usirudie mara tano mfululizo. Benki inaweza kuona kama wizi ikaifunga kadi. Piga simu uulize kama malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi yameruhusiwa.

Kabla ya kubofya kitufe cha mwisho soma yale maandishi madogo. Tangu Oktoba 2024 Steam inaandika wazi pale pa kulipia kwamba unachopata ni leseni. Hilo lilikuja baada ya jimbo la California kupitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayozuia maduka kusema "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo haizigusi bidhaa ambazo mteja anaweza kuzipakua na kukaa nazo moja kwa moja bila mtandao.

Ukitaka kujua leseni inaweza kukufikisha wapi, waulize walionunua The Crew ya Ubisoft. Gemu ilitoka 2014, seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, kisha leseni zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za watu. Hata aliyekuwa na diski kabatini alibaki na plastiki.

Hatua ya 7: Pakua

*Kama ni GOG:* ingia kwenye tovuti, fungua orodha ya gemu zako, bofya gemu husika. Usibofye kile kitufe kikubwa cha juu, hicho kinakuletea programu yao ya Galaxy. Shuka chini mpaka sehemu ya setapu za akiba zisizohitaji mtandao. Gemu kubwa imekatwa vipande: faili moja dogo la setapu na mengine yenye mwisho wa bin. Pakua yote, yaweke kwenye folda moja, usibadilishe majina.

Galaxy si lazima kwa kucheza. Kwa kupakua, hata hivyo, ni msaidizi mzuri kwenye mji wa umeme wa kukatika: nayo inaweza kushusha setapu hizo hizo, na ukirudi inaendelea ilipoishia. Kivinjari mara nyingine huanza upya kutoka sifuri, na wewe ulikuwa umefika asilimia tisini.

*Kama ni Steam:* pakua ndani ya programu yao, ukiweka ratiba ya usiku kwenye mipangilio ya upakuaji. Ikimaliza, fungua gemu ukiwa mtandaoni angalau mara moja mpaka uingie ndani uanze kucheza. Hakikisha umeweka alama ya kukumbuka neno la siri. Hakikisha hakuna sasisho linalosubiri. Ndipo uende kwenye menyu ya juu kushoto, uchague kwenda nje ya mtandao. Mimi ile Desemba sikufanya hata kimoja kati ya hivi.

Kama nyumbani kuna kompyuta mbili zenye Steam, au jirani yako ana gemu hiyo hiyo na mmekuwa marafiki ndani ya Steam, usiishushe mara mbili. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikiwa kwenye waifai moja, hata kama ni hotspoti ya simu. Mafaili yanapita humo humo ndani, bando linabaki karibu kama lilivyo. Kila mtu bado anahitaji kuwa amenunua ya kwake. Kinachookolewa ni GB.

Hatua ya 8: Zima mtandao ujaribu, kabla hujafunga begi

Zima waifai na hotspoti, zima kompyuta, iwashe upya, kisha ufungue gemu. Ile ya kuwasha upya watu wanairuka, na ndiyo muhimu: makufuli mengine hukukumbuka mpaka kompyuta izimwe.

Cheza dakika kumi, hifadhi mchezo, toka, ingia tena. Ikikubali, safari njema. Ikikataa, bado uko mjini, mtandao upo, unaweza kurekebisha au kudai hela yako.

Hatua ya 9: Tunza setapu

Hii ni kwa waliochukua gemu isiyo na kufuli. Uhuru huo una kazi yake: hakuna atakayekutunzia. Weka nakala mbili sehemu mbili. Moja kwenye eksteno nyumbani, nyingine popote isipoweza kuibiwa au kulowa pamoja na ya kwanza. Diski iwe imefomatiwa exFAT au NTFS. Flashi nyingi za zamani ni FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4, na utaambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi unaiona imebaki tele.

Nakili na faili la mchezo uliohifadhi. Mara nyingi liko kwenye folda ya nyaraka za Windows. PCGamingWiki inaonyesha mahali pake kwa kila gemu.

Wa Steam nao wanaweza kutengeneza akiba ya mafaili ndani ya programu. Inasaidia kutoshusha upya. Haiondoi kufuli: ukiirudisha bado utaingia kwa akaunti yako.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

*Kununua akaunti ya mtu.* Kijana anauziwa akaunti yenye gemu 40 kwa bei ya chakula cha wiki. Baada ya siku tano mwenyewe anaidai kwa barua pepe yake ya awali, anarudishiwa, na muuzaji hapokei simu. Masharti ya maduka yote hayaruhusu biashara hiyo, kwa hiyo hakuna pa kulalamikia.

*Kuwasha VPN, programu ya kuonekana uko nchi nyingine, ili kupata bei ya huko.* Duka likikubaini linaweza kuifungia akaunti, na pamoja nayo kila ulichonunua humo.

*Kudhani kwamba bila kufuli ni bila mwenyewe.* Setapu ya GOG inanakilika, kweli. Lakini umeuziwa wewe. Kuigawa kijiweni au kuiuza kwenye flashi ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inalinda na programu za kompyuta. Tena maduka haya yanaishi kwa kuaminiana. Watengenezaji wakiona gemu zao zimezagaa watarudi kwenye makufuli.

*Gemu za kukraki.* Najua zipo, najua bei yake. Nimefomati kompyuta nyingi zilizoletwa zikiwa haziwezi hata kufungua Word baada ya gemu moja ya namna hiyo. Aliyevunja kufuli la gemu ameshaingiza mkono ndani ya faili, na wewe huwezi kujua ameacha nini humo.

*Kuchukua kila gemu ya bure ya Epic na kuipakua hapo hapo.* Ichukue, ikae kwenye akaunti. Pakua siku utakayoicheza.

Ikigoma

Gemu ya Steam inakataa kufunguka nje ya mtandao. Mara nyingi kuna sasisho lililokuwa linasubiri, au hukuwahi kuifungua mtandaoni. Washa hotspoti, acha sasisho liishe, fungua gemu, kisha rudia Hatua ya 7. Kama ina Denuvo, hakikisha pia Windows haikujisasisha kati ya siku uliyojaribu na siku ya safari.

Setapu ya GOG inasema faili limekosekana au limeharibika. Hesabu vipande, linganisha ukubwa wake na ulioandikwa kwenye tovuti, pakua upya kile kimoja chenye kasoro tu. Usianze vyote.

Programu ya kuzuia virusi imefuta faili la gemu uliyoipakua dukani. Hutokea, hasa kwa gemu ndogo za itch.io zisizojulikana. Soma kwanza maoni ya waliopakua. Ukiridhika, liruhusu faili hilo peke yake, usiizime programu nzima.

Umepoteza laini na namba za kuthibitisha zinakwenda huko. Irudishe laini kwanza kwa kitambulisho chako, ndipo uhangaike na duka. Kama uliandika namba za dharura kwenye daftari, tumia moja, umemaliza.

Duka linakataa kuunganisha wakati mtandao upo na tovuti nyingine nazo zinalalamika kuhusu usalama. Tazama saa pale pembeni chini. Kwenye kompyuta za mezani zilizotumika, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa, kwa sababu betri ndogo iliyo ndani imekufa, na duka haliwezi kuuamini mwunganisho wenye tarehe ya zamani namna hiyo. Rekebisha tarehe kwa mkono, utaingia. Halafu nunua betri mpya, ni ile ya duara iliyoandikwa CR2032, inafanana na sarafu. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani kabisa, ibadilishe, na upande wenye maandishi uelekee juu.